Kwa nini Saudia inaskika Kisumu usiku na mchana imenyamaza

Nikisema jioni zangu nakaa nje na redio ya betri natafuta stesheni za AM za nchi zingine, swali la kwanza huwa ni lile lile: kwani AM si ilikufa? Haijakufa. Chukua redio yoyote ndogo ya dukani saa nane mchana hapa Kisumu, weka AM, zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho, utapata mvumo tu na labda stesheni moja mbili za karibu. Sasa rudi na redio ile ile, betri zile zile, keti pale pale, saa moja na nusu jioni. Bendi imejaa! Kiarabu, Kiamhari, lugha za India, Kiswahili cha upande ule mwingine wa ziwa, zingine zimepandana mpaka huwezi kuzitenganisha.

Redio haijabadilika, kilichobadilika ni anga, na nataka tuifungue hii kitu polepole kwa sababu nimeskia watu wakiieleza vibaya, wanasema ati usiku hewa ni baridi ndio sauti inasafiri vizuri. Sauti haisafiri kutoka Saudia hata siku moja. Kinachosafiri ni wimbi la redio, yaani umeme na sumaku vikitembea pamoja kwa kasi ya mwanga, kilomita laki tatu kwa sekunde, na sauti ya mtangazaji imepakiwa juu ya hilo wimbi kwa kulinenepesha na kulikondesha. Redio yako inapima tu kunenepa na kukonda huko na kukurudishia sauti. Baridi ya hewa haina kazi hapo.

Wimbi likitoka kwa mlingoti linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Sehemu moja inatambaa na ardhi, hiyo ndio unaskia mchana, na inachoka baada ya kilomita mia na kitu, ikizidi sana inategemea nguvu ya mtambo na aina ya udongo. Sehemu ya pili inapaa juu, na mambo matamu yote yanatokea huko.

Huko juu, kuanzia kama kilomita 60 kutoka ardhini, miale ya jua inagonga hewa na kung'oa elektroni, vichembe vidogo vya umeme, kutoka kwa molekuli za hewa. Hewa yenye elektroni zilizong'olewa ndiyo inaitwa ionosfia, na iko kwa matabaka. La chini kabisa wameliita D, kati ya kilomita 60 na 90 hivi, na hilo ndilo adui wetu mchana, maanake hewa ya pale bado ni nzito kiasi. Mimi huwa naeleza hivi: mama amebeba beseni la samaki kichwani anapita katikati ya soko la Kibuye Jumapili saa tano, kila hatua anagongwa bega, samaki wanaanguka mmoja mmoja, akitokea upande wa pili beseni liko tupu. Wimbi la AM likiingia tabaka D mchana linatikisa zile elektroni, elektroni zinagongana na molekuli za hewa, na nguvu yote inaishia kuwa joto kidogo tu huko juu. Halifiki popote.

Jua likizama, elektroni za D zinarudi kwa molekuli haraka sana, dakika chache tu, kwa sababu hewa imesongamana na mwenzako wa kuungana naye hakosi. Soko limefungwa, mama anapita na samaki wake wote. Halafu wimbi linakutana na matabaka ya juu zaidi, E kwenye kilomita 100 hivi na F kuanzia kama 200 kwenda juu, na huko hewa ni nyembamba mpaka elektroni za kutosha zinabaki usiku kucha bila kupata mwenzake. Hayo matabaka hayalimezi wimbi kama D, yanalipinda mpaka linarudi chini, mbali, kilomita mia kadhaa au elfu kadhaa kutoka lilikotoka. Likigonga ardhi au bahari linaweza kuruka tena mara ya pili. Maji ya chumvi yanalirudisha vizuri kuliko ardhi kavu, shika hiyo, tutaihitaji tukifika India.

FM haiko kwenye hii hadithi, mawimbi yake ni mafupi sana kwa ionosfia kuyapinda, yanatoboa na kwenda zake. Ndio maana FM ya Nakuru ukipita mlima kidogo inakukimbia.

Hata wataalamu iliwasumbua. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, alisema ameshika ishara huko Newfoundland iliyotumwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, na kwa hesabu za wakati ule haikustahili kufika, dunia ni mviringo na wimbi linaenda moja kwa moja. Mwaka uliofuata wataalamu wawili, Kennelly akiwa Marekani na Heaviside akiwa Uingereza, kila mtu kivyake, wakasema lazima kuna kitu juu angani kinalirudisha. Ushahidi wenyewe ulikuja 1924, mwanafizikia Mwingereza Appleton alipotumia mtambo wa BBC wa Bournemouth kupima hiyo tabaka iko juu kiasi gani, na 1947 akapewa tuzo ya Nobel. Yaani hiyo kitu unaskia bure kwa redio yako ya betri mbili ilimpa mtu Nobel.

Sasa namba. AM ya masafa ya kati huku kwetu inaanza kilohezi 531 (kilohezi moja ni mitikisiko elfu moja kwa sekunde) na kuishia 1602, na Afrika, Ulaya na Asia zilikubaliana stesheni ziachane kilohezi 9 kila moja. Amerika wao wanaachanisha 10. Ukipiga hesabu utapata nafasi 120 tu kwa stesheni zote za mabara matatu, kwa hivyo usishangae zikipandana. Na kuna kitu kizuri hapo ambacho nilikigundua nikiandika orodha yangu: kila masafa halali huku kwetu yanagawanyika kwa 9, kwa hivyo ukijumlisha tarakimu zake utapata 9 au 18, isipokuwa 999 peke yake inayotoa 27. Chukua 612, sita na moja na mbili, tisa. 1377, kumi na nane. 873, kumi na nane. Ukiona redio yako ya dijitali inaruka 1370, 1380, 1390, jua imewekwa kwa mpangilio wa Amerika, na stesheni nyingi zitaskika zimepinda au hazitaskika, na wewe utasema AM imekufa. Tafuta mahali pa kubadilisha iwe 9. Kwa redio nyingi unafinya kitufe kimoja kwa muda redio ikiwa imezimwa, kitabu chake kitakuambia ni kipi.

Mimi naanza na 1377, Radio Free Africa ya Mwanza. Ni kama kilomita 340 kutoka hapa, moja kwa moja juu ya ziwa, na mchana inanong'ona tu lakini giza likiingia inajaa mpaka unadhani iko Kondele, hapa hapa mjini. Hiyo ndio ya kujifunzia, kwa sababu lugha ni yetu na utajua mara moja umeishika. Halafu nateremka 873, Ethiopia, mtambo uko karibu na Addis Ababa, kilomita 1100 hivi. Muziki wao hauwezi kuuchanganya na mwingine, ile ngazi ya noti tano na sauti inayotetemeka. Kisha napanda 1521, Saudia, mtambo wa Duba ulioko kaskazini magharibi mwa nchi, karibu na Bahari ya Shamu, zaidi ya kilomita 3000 kutoka Kisumu. Mtambo huo ulijengwa kwa kilowati 2000. Stesheni nyingi za AM unazozijua hazifiki hata kilowati 100.

Lakini nguvu peke yake haielezi kila kitu, na hapa ndio mahali ambapo mimi mwenyewe nilikaa miaka bila kuelewa. Kwa nini stesheni za kaskazini, Ethiopia, Saudia, zinaingia Kisumu kwa urahisi, na za magharibi kwetu, upande wa Kongo kwenda Atlantiki, zinahangaika hata zikiwa na mtambo mkubwa? Jibu liko kwa sumaku ya dunia. Karibu na ikweta mistari ya sumaku ya dunia imelala karibu sambamba na ardhi, inaelekea kusini na kaskazini. Mlingoti wa AM umesimama wima, kwa hivyo umeme wa wimbi lake nao umesimama wima. Wimbi likisafiri kaskazini kwenda kusini linaifuata ile mistari na ionosfia inalibeba bila shida. Likija kutoka magharibi kwenda mashariki linaikata mistari, na elektroni zikiwa zimefungwa na ile sumaku zinalipokea kwa namna ambayo sehemu kubwa ya nguvu inamezwa badala ya kurudishwa. Ulaya hawaoni hii shida sana kwa sababu kule mistari ya sumaku imeinama kwenda chini. Hii ni ya kwetu sisi wa ikweta, na sijaona watu wakiizungumzia kwa Kiswahili, ndio maana nimeing'ang'ania.

India basi ni ya mashariki na inapaswa kuwa ngumu, na kweli ni ngumu. 1071 ni mtambo wa Rajkot, jimbo la Gujarat, kilowati 1000, na kutoka hapa ni kama kilomita 4600. Wimbi lake haliwezi kufika kwa ruko moja, linaruka angalau mara mbili, na sehemu kubwa ya njia ni bahari, ndio ile faida ya maji ya chumvi niliyosema. India wako mbele yetu saa mbili na nusu, kwa hivyo jua likizama Kisumu kwao ni usiku tayari, njia nzima iko gizani, na unapaswa kuiwahi mapema kabla hawajafunga matangazo ya usiku. Nilijaribu jioni nyingi nikawa napata tu kivuli cha sauti. Siku moja ya Januari ikatokea. Mwanamke akisoma kitu kama habari, dakika nne hivi, ikazama, ikarudi, nikairekodi kwa simu. Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko mjini, nikamwambia mzee naomba tu uniskizie hii. Akaweka simu kwa sikio, akafunga macho, akamnyamazisha kijana aliyekuwa anahesabu misumari. Akasema hii ni Kiurdu, si Kigujarati. Akairudia. Mara ya tatu akanyoosha kidole, hapo, umeskia, amesema All India Radio. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nje ya nyumba yangu, Migosi. Akaiskiza mara ya nne.

Hiyo ya kuzama na kurudi si kasoro ya redio. Wimbi moja linaweza kukufikia kwa njia mbili, moja imeruka mara moja na nyingine mara mbili, au moja imepinda kwa E na nyingine kwa F, na zikifika pamoja wakati mwingine zinasaidiana na wakati mwingine zinauana. Ionosfia nayo haitulii, inapanda na kushuka, kwa hivyo matokeo yanabadilika kila sekunde chache. Ukiskia mtangazaji anaongea kama ameingiza kichwa ndani ya mtungi, hapo sehemu tu ya wimbi imeuawa na zingine zimebaki. Subiri. Usizungushe. Makosa makubwa ya mtu anayeanza ni kuhama haraka, stesheni ya mbali inataka uikalie kama mtu wa ndoano anavyokalia maji ya Dunga.

Sasa tuje kwa kitu ambacho nadhani ni muhimu kuliko yote, kuliko redio ya bei gani na antena gani. Adui wako mkubwa hayuko angani, yuko kwa nyumba yako. Chaja ya simu, balbu ya LED ya bei rahisi, televisheni, king'amuzi, invata ya sola, hivi vyote ndani yake vinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kuwasha na kuzima kunatoa wimbi la redio, na hilo wimbi linaangukia hapo hapo kwenye masafa ya AM. Nyaya za nyumba zinakuwa antena za kulisambaza. Wimbi la Saudia limetoka kilomita 3000, limefika limechoka, na chaja iko mita mbili kutoka redioni inapiga kelele. Nani atashinda?

Niliamini hii siku stima ilipopotea. Ilikuwa kitu saa mbili kasoro, mtaa mzima giza, nikatoka nje na redio kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, nikawasha AM na nikafikiri imeharibika kwa sababu ule mvumo ulikuwa haupo. Nikazungusha. Stesheni zilikuwa zimesimama kila mahali kama nyota. Kati ya zile stesheni palikuwa kimya, kimya kabisa, na ndani ya kile kimya kulikuwa na sauti zingine ndogo sana ambazo sikuwahi kujua ziko, moja ilikuwa kwaya, moja mtu anasoma Kurani kwa upole mpaka jirani yangu wa ploti, mzee wa msikiti, akavuta kiti akakaa nami bila kusema neno. Dakika arobaini. Halafu stima ikarudi, watoto wa mtaa wote wakapiga kelele ya furaha, na mvumo ukafunika kila kitu kwa sekunde moja. Mzee akaniangalia, akasema, kumbe walikuwa hapa wakati wote.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwinda kelele badala ya stesheni. Zima kila kitu kwa ukuta, washa redio ya betri kwa masafa ambayo hayana kitu, halafu rudisha kifaa kimoja kimoja ukiskiza. Kwangu mkosaji alikuwa chaja moja ya simu na balbu moja ya varanda. Nikabadilisha balbu, chaja ikatolewa jioni. Kwa jirani siwezi kuingia kuzima, kwa hivyo natumia kugeuza redio.

Huku kugeuza watu hawakujui na ni bure. Ile antena ndefu ya kuvuta haifanyi kazi kwa AM, ni ya FM na masafa mafupi. Antena ya AM iko ndani, fungua redio mbovu uione, ni kijiti cheusi cha feraiti, kauri yenye chuma ndani yake, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho kijiti kinaskia vizuri ubavuni na ni kiziwi kwenye ncha zake mbili. Kwa redio nyingi kimelala kwa urefu wa redio. Kwa hivyo kama kelele inatoka kwa ukuta wa jirani, elekeza ncha ya redio kwa huo ukuta, geuza pole pole, utafika mahali kelele inazama ghafla, na ni nyembamba hiyo sehemu, digrii chache tu ukipita imerudi. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuzamisha stesheni moja na kuskia ile iliyolala chini yake. Na unaweza kujua stesheni iko upande gani: tafuta pale inapozama, ncha za redio zinaielekea.

Ukitaka zaidi, tengeneza fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, zungusha waya kama mara kumi na mbili, unganisha ncha zake na kondensa ya kuzungusha, ile sehemu ya kuchagulia stesheni, iliyotolewa kwa redio ya zamani, fundi yeyote wa redio anazo kwa debe la takataka. Haiungwi na redio kwa waya. Weka tu redio karibu na fremu, zungusha kondensa, na kuna mahali stesheni itaruka juu kama imepandishwa sauti.

Imebaki radi, na kwa sisi wa ziwa hii haina dawa. Cheche ya radi ni mtambo wa redio unaotangaza kwa masafa yote kwa mpigo, na unaiskia ikipasuka hata ikiwa mbali sana. Mchana mawingu yanajengwa nchi kavu, Kericho, Kisii, Kakamega, na mvua inanyesha alasiri. Usiku upepo unageuka, unatoka nchi kavu kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa ambalo bado lina joto, hewa inapanda, na radi inahamia huko mpaka alfajiri, wavuvi wa omena wanaijua kuliko mtu yeyote. Katikati ya hayo mawili kuna pengo, kuanzia jua linapozama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi hadi saa tatu au saa nne, zile za alasiri zimepungua na zile za ziwa hazijakolea. Hilo pengo ndilo letu. Januari na Februari liko wazi zaidi. Aprili mimi hujaribu tu kwa mazoea.

Binti yangu ana miaka tisa na ameanza kukaa na mimi, anashika daftari, anaandika saa, masafa, lugha kama anaijua, na alama ya swali kama haijui. Wiki iliyopita alisimamisha redio kwa 1476, akajumlisha kwa vidole, moja, nne, saba, sita, kumi na nane, akasema baba hii ni halali. Kulikuwa na mtu anaimba, mbali sana, bila ala. Tukazima taa ya varanda, tukageuza redio mpaka kelele ya jirani ikazama, tukangojea aseme jina la stesheni. Radi ya kwanza ya ziwa ikapasua katikati ya wimbo, na nyingine, na nyingine. Kwenye daftari ameandika 1476, saa tatu na dakika kumi, anaimba mwanamume, alama ya swali.